Miguu ya Mwanvua Hurudi Kwanza

Kwanza hurudi pumzi. Amisa alijifunza jambo hilo kama mtu anavyojifunza njia ya mtoni, kwa kuipita mara nyingi. Mwili wa binti yake ukishakakamaa, ukatikisika, ukatulia, pumzi ilirudi kwa mkoromo mzito kama wa mtu mzima aliyelewa. Kisha ulikuja usingizi usioitikia jina. Kisha macho yalifunguka, lakini ndani yake hamkuwa na mtu. Kisha miguu. Maneno yalichelewa. Na mwisho kabisa, pengine kivuli cha nyumba kikiwa kimeshahamia upande wa pili wa ua, ilirudi njaa. Mwanvua akisema, "Mama, nina njaa," hapo ndipo Amisa alipojua kwamba mtoto wake amefika.

Majirani wa Kasongo walijua kuanguka tu. Walikimbia povu la mdomoni mwake, wakasimama mbali, wakaita, "Amisa! Amisa, njoo, mutoto wako!" Mtoto akishasimama walirudi kwenye shughuli zao wakisema amepona. Yaliyofuata aliyaona mama yake peke yake.

Miaka ile, kabla ya vita vya Wazungu na Waarabu, Amisa alikaanga vitumbua vya mchele karibu na soko, na mumewe Zuberi alilima mpunga nje ya mji. Mafiga yake aliyazungushia ukuta wa udongo uliomfika kifuani. Wanawake waliuchekea, wakimwuliza kama anapika au anaficha mwizi. Yeye alikuwa amewahi kumvuta mtoto kutoka kwenye makaa. Mwanvua hakutumwa maji peke yake. Alikuwa na kata yake ya kunywea, na hakuna mtoto aliyeigusa. Kwenye chuo cha Kurani alikalishwa mlangoni. Sura aliyoisoma vizuri asubuhi, akianguka mchana, jioni ilikuwa imefutika, na mwalimu alimchapa kwa uvivu. Kesho yake sura ilirudi yote, na mwalimu akasema fimbo imefanya kazi.

"Mwanvua," watoto walimwita njiani, "umerudi, ao ungali kule kwa mashetani?"

Alikuwa na umri wa kuota meno mapya ya mbele. Kitu kimoja alikiweza kuliko watoto wote wa mtaa: kufagia ua. Alifagia kwa tawi la majani, kama wanavyofagia kwao mama yake. Amisa ndiye aliyemfundisha. Unaanza mlangoni, umeelekea nyumba, unarudi kinyumenyume mpaka njiani, ili usikanyage ulipokwisha fagia. Unafanya hivyo jioni pia, na asubuhi ardhi inakuonyesha ni nani aliyepita usiku. Hata baada ya kuanguka, macho yakiwa bado matupu, mikono ya Mwanvua ilitafuta tawi. Alifagia bila kujua kwamba anafagia. Amisa alimwacha, kwa sababu mtoto anayefagia haendi mbali.

Kiangazi kile Amisa alimpeleka Kabambare kwa mganga aliyesifiwa. Walikaa huko mpaka mawingu ya kwanza yalipoonekana. Mganga alimfukiza majani, akamfunga hirizi shingoni, akasema amemaliza. Mtoto alianguka kesho yake. Amisa akafunga mzigo wake na kutafuta safari ya kurudi Kasongo.

Safari ilikuwepo, ya wapagazi wa vitambaa vya merikani na ushanga, na kiongozi wake alikuwa Yakubu, mtu mrefu mwenye manyoya kichwani na sauti ya kukata. Alimtazama mtoto, akaitazama hirizi.

"Huyu iko na kifafa."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nina watu wengi na chakula kidogo. Kufuata, fuata. Lakini akianguka, safari haitamungojea. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia."

Alisikia pia yale ambayo Yakubu hakuyasema, kwa sababu kila mtu aliyajua. Katika njia ile, mtu aliyekutwa peke yake hakuwa na mwenyewe. Aliyemwokota ndiye aliyekuwa mwenyewe. Mwanamke na mtoto wangefungwa kamba na kuuzwa kabla jua halijatua, na Zuberi angekaa Kasongo akingoja mpaka achoke.

Siku za kwanza mtoto alitembea vizuri. Walivuka Luama kwa mitumbwi, na Amisa alimshika kiuno muda wote huku akitazama maji. Yakubu alitangulia mbele, ngoma ikilia kando yake. Kila njia ilipogawanyika, alikata tawi la majani na kulilaza kwenye mdomo wa njia isiyopitwa. Njia yenye tawi imefungwa. Wapagazi waliotawanyika nyuma, wengine mbali kiasi cha kutosikia ngoma, walitazama tawi wakajua pa kwenda. Mtu wa mwisho wa safari, aliyeitwa mkia, ndiye aliyeliondoa tawi na kulitupa porini, ili wenyeji wapate njia yao.

Mkia wa safari ile alikuwa Faradji, mzee mkavu mwenye bunduki ya gumegume na fimbo. Kazi yake nyingine ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna anayebaki nyuma yake. Aliifanya kwa matusi.

"We, tumbo la uji! Mzigo huo iko merikani, hauna mimba! Tembea!"

Amisa na Mwanvua walitembea mbele yake kidogo, kwa sababu hawakuweza kwenda upesi. Mwanvua alimpenda kwa yale matusi. Faradji naye alimtania, lakini kwa mbali, na hakuwahi kunywa maji baada yake.

Asubuhi ile walikuwa msituni, jua likiwa limeanza kupenya majani, Mwanvua alipogeuza kichwa upande mmoja kana kwamba ameitwa. Amisa alitupa mzigo. Alimdaka kabla hajagonga mizizi, akamlaza ubavu, akaweka kitambaa chini ya shavu. Mbele yao wapagazi waligeuka, wakaona, wakaongeza mwendo. Habari ilipita mstari mzima kutoka mdomo hata mdomo. Hakuna jibu lililorudi. Ngoma ya Yakubu iliendelea kulia mbele, ikisogea, mpaka msitu ukaimeza.

Faradji alisimama njiani na bunduki yake, hatua kadhaa mbali na povu.

"Atasimama saa ngapi?"

"Sijui, baba."

"Hujui? Wewe si mama yake?"

"Nenda, baba Faradji. Wewe fuata wenzako."

"Niende namna gani?" Alikasirika kweli. "Mimi ni mkia. Umewahi kuona mkia unatangulia, matako yanabaki?"

Akakaa juu ya gogo, mgongo kwa mtoto, macho kwenye njia waliyotoka.

Mtikisiko ulikwisha. Mkoromo ukaja. Amisa alimpangusa mdomo, na nguo ya mtoto ilikuwa imelowa mkojo. Usingizi ukaja, na huo ndio uliomtisha, kwa sababu hauharakishwi. Nyumbani aliungoja akikaanga vitumbua. Hapa aliusikiliza msitu. Kila ndege aliyeruka ghafla alikuwa mtu. Faradji aliinuka, akakaa, akainuka.

"Mumwagie maji."

"Haisaidii."

"Mupige kidogo."

"Ukimpiga, atakuwa amelala na amepigwa."

Hatimaye macho yalifunguka. Yakatazama majani ya juu, na uso wa mama yake, bila kutofautisha. Baada ya kitambo Mwanvua akakunja miguu, akajisukuma, akasimama. Aliyumba, kisha hakuyumba tena.

"Alhamdulillahi!" Faradji akashika fimbo. "Mutoto amepona. Twende!"

"Bado, baba. Miguu yake hurudi kwanza. Mwenyewe bado."

"Mwenyewe atatukuta njiani. Mama, jua linakwenda. Anasimama, anatembea, unataka nini tena?"

Amisa alitaka maneno. Alitaka njaa. Alipiga magoti, akamshika mtoto mashavu. "Mwanvua. Mimi ni nani?"

"Ndiyo," akasema mtoto.

Faradji akacheka. "Unasikia? Anajibu!"

Haikuwa jibu, na Amisa alijua. Lakini hakusikia tena ngoma hata alipozuia pumzi. Akajitwisha mzigo, akamshika mtoto mkono, wakaenda.

Mwanvua alitembea kama mtu anayevutwa. Alikanyaga maji bila kuyatazama. Walipofika kwenye kijito, Amisa alifikiria kambi ya jioni, wapagazi wakiziba pua, wakimwita mtoto kikojozi, na Mwanvua akiwa amesharudi na kusikia yote. Aibu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlaza mtoto macho wazi baada ya kila kuanguka, kuliko maumivu ya kichwa. Akamvua nguo, akamfunga upande wa kanga yake mwenyewe.

"Nafua hii upesi tu. Baba Faradji, mushike mkono."

Faradji alimtazama mtoto. Povu lilikuwa limekaukia shavuni, jeupe. Akanyoosha fimbo yake. Mwanvua akashika ncha moja, yeye akashika nyingine.

"Haya. Nimemushika."

Amisa alisugua nguo kwenye jiwe akiwa amewapa mgongo. Wakati huo kitu kilivunjika porini, kijiti au zaidi ya kijiti. Faradji aliiacha fimbo, akashika bunduki kwa mikono miwili, akaingia majanini akinyata. Alikuta nyani. Alipotoka, fimbo ilikuwa imelala njiani peke yake.

"Mama! Mutoto iko kwako?"

Amisa aligeuka, nguo ikidondoka maji.

Walikimbia mbele pamoja. Baada ya kona, njia iligawanyika mbili, kulia na kushoto. Mwanvua alikuwa kwenye mdomo wa njia ya kushoto, ameinama, mkono mmoja nyuma ya kiuno, kama kila asubuhi ya maisha yake. Mkononi alikuwa na tawi la majani. Alikuwa anafagia.

Uwanja wote wa njia panda ulikuwa safi. Hakuna wayo hata mmoja, wala jani. Tawi lililofunga njia ndilo alilokuwa akifagilia.

Faradji hakutukana. Hilo ndilo lililomwogofya Amisa.

"Ulilitoa wapi?" Alichuchumaa mbele ya mtoto. "Mutoto, sikia. Tawi hili. Lilikuwa huku, ao huku?"

Mwanvua alimtazama kwa upole. Aliendelea kufagia, na majani yakapita juu ya vidole vya mzee.

"Mutikise kichwa akumbuke!"

"Hatakumbuka, baba. Hata kesho. Hata akiwa mzee hatakumbuka. Hakuwepo."

"Nani hakuwepo? Si huyu hapa?"

Aliinuka, akaingia njia ya kulia, akarudi. Akaingia ya kushoto, akarudi haraka zaidi.

"Kulia kuna nyayo nyingi, za leo. Kushoto njia inashuka kwenye kijito na watu hupita majini juu ya mwamba, hakuna alama. Na mutoto amesimama kushoto na tawi mukononi. Ni wazi. Tawi lilikuwa kushoto, akaliokota hapo. Kushoto ndiko kumefungwa. Yakubu amepita kulia."

"Nyayo ni za nani?"

"Za watu."

"Watu wote hutembea pekupeku, baba. Wa sokoni pia."

Faradji alijipangusa uso. Alikuwa akiijua njia mojawapo kati ya zile mbili, na sasa aliisema kwa sauti ndogo. Ilikwenda kwenye kijiji ambacho watu wa bunduki walikichomea ghala mwaka uliopita. Hakukumbuka ilikuwa ya kulia au ya kushoto, maana mara ile walitokea upande mwingine, usiku. Aliisema bila kumtazama Amisa, na Amisa akaelewa kwamba naye alikuwemo. Watu wale wakimwona mtu wa safari na bunduki, wangekuwa na haki yao ya kudai.

"Kwa hiyo tusikose," akasema Faradji. "Twende kulia."

Amisa alibaki pale pale. Alikuwa ameinama, anatazama ardhi. Vumbi lilikuwa na alama za majani, nusu mviringo baada ya nusu mviringo, kila moja ikilalia kidogo iliyotangulia, kama nyasi za paa. Aliijua kazi ile. Ndiyo aliyoiamkia kila siku, mbele ya mlango wake. Alitembea pembeni ya alama bila kuzikanyaga, hata sasa, kutoka kwa mtoto kuelekea kulia. Kwenye mdomo wa njia ya kulia kulikuwa na alama moja ambayo haikulalia nyingine yoyote. Mbele yake vumbi lilikuwa halijaguswa na tawi, lina taka na nyayo.

"Alianzia hapa," akasema.

"Lakini amesimama kule!"

"Amemalizia kule. Baba, mwanangu hufagia kinyumenyume. Mimi ndiye niliyemfundisha. Tawi aliliokota hapa, pakawa mlango wake, akafagia akirudi nyuma mpaka pale alipo. Tazama, ya mwisho iko juu. Ya kwanza iko chini. Kulia ndiko kulikofungwa."

Faradji alitazama. Aliona vumbi.

"Unataka kuweka shingo yangu juu ya ufagio wa mutoto ambaye, wewe mwenyewe umesema, hakuwepo?"

"Yeye hakuwepo. Mikono yake ilikuwepo."

"Na kama umekosa?"

"Kama nimekosa, tumekosa wote watatu. Lakini mimi nakwenda kushoto."

Alimwendea mtoto, akafungua vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye tawi. Mwanvua akaanza kulia bila sauti, machozi tu, na magoti yakamlegea. Miguu iliyorudi mapema ilikuwa imechoka mapema. Amisa alijaribu kumwinua mgongoni, lakini mzigo ulikuwa kichwani na nguo mbichi begani, na mtoto hakuwa mdogo tena. Alijaribu mara ya pili. Akaushusha mzigo, akautazama. Ndani yake mlikuwa na chakula chao chote.

Faradji alisimama, akitazama shavu lenye ukoko mweupe. Watu wazima aliowajua, watu wa vita, walilikimbia povu lile. Likikupata, na wewe utaanguka. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na mama yake, naye mama yake na mama yake.

"Povu hili limekuingia mara ngapi wewe?" akauliza.

"Tangu anyonye, baba. Mpaka leo sijaanguka."

Alimpa Amisa bunduki. Alichuchumaa, mgongo kwa mtoto, akasema kwa ukali, "Haya, weka mali yako hapa, kabla sijabadili akili."

Walishuka kushoto. Maji yalikuwa baridi na mwamba ulikuwa laini, bila alama ya mtu. Faradji alitembea ameinama, kichwa cha Mwanvua kimelala shingoni mwake, shavu juu ya ngozi yake. Amisa alikwenda nyuma, mzigo kichwani, na bunduki ambayo hakujua kuitumia. Njia ilitoka majini, ikapanda. Ilikuwa na nyayo, lakini chache, na za kwenda na za kurudi. Hakuna ngoma. Kila walipopanda kilima kidogo, Amisa aliziba masikio kisha akayafungua, kana kwamba hivyo angesikia zaidi. Hakuna ngoma.

"Ungefundisha mwanao kufagia mbele kama watu wengine," Faradji alinong'ona.

"Nyamaza, baba."

"Nimenyamaza."

Moshi ulionekana juu ya miti, mbali, na hawakujua ni wa nani. Faradji alisimama. Amisa akasimama. Wakatazamana, na ilionekana kwamba mzee sasa alikuwa tayari kurudi, na mama angekubali. Ndipo ilipotoka sauti ya kukwaruza, shingoni mwa mzee.

"Mama."

Amisa hakusogea.

"Mama, nina njaa."

Bunduki ilimponyoka ikaanguka kwenye nyasi. Amisa alimshika mtoto miguu, usoni, mikononi, akicheka na kulia pamoja, akisahau moshi.

"Kichwa kinauma," akasema Mwanvua. "Huyu ni nani amenibeba?"

"Baba Faradji."

"Kwa nini?"

"Ulifagia nchi nzima," akasema Faradji, "ukachoka."

Mtoto alifikiri. Alitazama kanga aliyofungwa, akaelewa sehemu moja ya habari ile, akaficha uso. Mama yake akamwonyesha nguo begani, imefuliwa, karibu imekauka. Akafungua mzigo, akampa muhogo uliochomwa jana, na Mwanvua akala akiwa bado mgongoni, makombo yakimwangukia mzee kifuani.

Walikwenda tena, polepole, kuelekea moshi. Na kabla ya kuufikia, njia ikagawanyika mara nyingine. Kwenye mdomo mmoja, lililazwa tawi. Lilikatwa kwa panga, kwa pigo moja la mshazari, kama alivyokata Yakubu. Majani yake yalikuwa bado hayajanyauka.

Faradji alilitazama kwa muda mrefu. Kisha alichuchumaa, akamshusha mtoto, akamshika mkono mpaka miguu ilipotulia. Hakutumia fimbo.

"Kazi ya mukia ni kufungua njia," akamwambia. "Hili ni lako. Litoe."

Mwanvua alimtazama mama yake. Amisa akaitikia kwa kichwa. Mtoto akainama, akaliinua tawi kwa mikono miwili, akalitupa porini.

"Sasa niambie," akasema Faradji, "tawi hili ulilotupa umelitoa wapi?"

Mwanvua alimwangalia kwa huruma, kama watu walivyozoea kumwangalia yeye.

"Hapo, baba," akasema, akinyoosha kidole. "Si hapo? Umeshasahau?"